Kigwe cha Ngoma ya Gwaride: Sayansi ya Kuchagua Kamba ya Kushikilia Nyaya za Mlio

Ngoma ndogo ya gwaride ni chombo kinachojulikana katika shule nyingi za Tanzania. Husikika wakati wa mchakamchaka, katika maandamano ya skauti, katika sherehe za kitaifa na katika mapokezi ya Mwenge wa Uhuru. Sauti yake haifanani na ya msondo wala ya chapuo. Msondo hutoa mvumo mzito unaokawia hewani. Ngoma ya gwaride hutoa mlio mkavu, wa ghafla, wenye mkwaruzo ndani yake. Mkwaruzo huo hautoki katika ngozi. Hutoka katika nyaya nyembamba zilizolazwa chini ya ngoma, zikiigusa ngozi ya chini.

Baadhi ya ngoma hizi zimetumika kwa miongo mingi na kupita mikononi mwa vizazi kadhaa vya wanafunzi. Siku moja mkwaruzo hutoweka, ngoma ikalia kama debe, nayo ikawekwa stoo kwa maelezo kwamba imekufa. Mara nyingi maelezo hayo si ya kweli. Mzinga ni mzima, ngozi ni nzima, nyaya nazo ni nzima. Kilichokatika au kulegea ni vipande viwili vya kigwe ambavyo kila kimoja hakizidi urefu wa kiganja. Kubadili kigwe hicho ni kazi ya saa moja. Lakini kigwe kisichofaa huweza kuifanya ngoma ilie vibaya zaidi, au hata kuvunja vyuma vya zamani ambavyo vipuri vyake ni vigumu kupatikana. Kwa hiyo swali la kigwe gani kitumike linastahili kujibiwa kwa njia ya kisayansi.

Mkwaruzo si jambo geni

Katika pwani ya Afrika Mashariki ngoma za namna hii ziliingia pamoja na bendi za kijeshi. Katika miaka ya 1890 vijana wa Lamu na Mombasa walianza kuziiga bendi hizo na kuunda ngoma ya beni, na baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 vyama vya beni vya Arinoti na Marini vilikuwa vimeenea katika miji mingi ya Tanganyika.

Hata hivyo, kuongeza mkwaruzo katika sauti ya ala ni ufundi ulioko Afrika tangu zamani. Wagogo wa Dodoma hufunika tundu la ilimba kwa utando wa buibui ili sauti ipate mtetemo wa ziada. Katika Buganda nyuzi za endongo hupita karibu sana na ngozi ya kenge, zikaigusagusa na kutoa mlio wa kukwaruza. Katika Afrika ya Kaskazini bendir hunyoshewa nyuzi za utumbo nyuma ya ngozi yake. Kanuni ni ile ile: kitu chepesi huwekwa karibu na kitu kinachotetemeka, kikagongwagongwa mara nyingi kwa muda mfupi.

Ngoma hufanyaje kazi?

Ngoma ya gwaride ina ngozi mbili. Mkwiro unapoipiga ngozi ya juu, ngozi hiyo hubonyea na kuisukuma hewa iliyomo ndani ya mzinga. Hewa huisukuma ngozi ya chini. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa karibu mita 340 kwa sekunde; basi katika mzinga wenye kina cha sentimita 15, msukumo huo hufika chini kwa muda usiofikia nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Sikio haliwezi kuitambua tofauti hiyo.

Ngozi ya chini inaporuka, huzirusha nyaya. Nyaya hurudi na kuigonga ngozi, zikarushwa tena. Migongano hiyo midogo na ya haraka ndiyo inayozaa mkwaruzo, kwa kuwa huongeza mitetemo mingi ya masafa ya juu ambayo ngozi peke yake isingeitoa kwa nguvu.

Zamani nyaya hizo zilikuwa nyuzi za utumbo wa mnyama. Katika karne ya 20 nyaya za chuma zilizosokotwa kama springi zilienea. Nyaya kadhaa hupangwa sambamba, na ncha zao huunganishwa kwenye vibati viwili vidogo. Kila kibati hufungwa kwa kigwe: upande mmoja kwenye chuma kisichosogea, upande wa pili kwenye wenzo wenye skurubu. Wenzo ukiinuliwa, nyaya hukazwa na kuigusa ngozi. Ukishushwa, nyaya hulegea na ngoma hulia bila mkwaruzo. Skurubu hutumika kurekebisha mkazo kidogo kidogo.

Mkazo ukizidi, nyaya huibana ngozi na kuizuia isicheze, sauti ikawa fupi na iliyokabwa. Mkazo ukipungua mno, nyaya huendelea kuchezacheza baada ya pigo, na hata hulia zenyewe tarumbeta inapopigwa karibu. Mkazo unaofaa ni wa katikati, na kazi ya kigwe ni kuutunza mkazo huo usibadilike.

Sifa nne za kigwe kinachofaa

Sifa ya kwanza ni kutonyumbuka kwa urahisi. Nyaya za mlio ni springi, na kwa mujibu wa kanuni ya Hooke kani ya springi hulingana na kiasi ilichorefushwa. Kigwe nacho, kikinyumbuka, huwa springi ya pili iliyounganishwa mfululizo na ya kwanza. Springi mbili za mfululizo hubeba kani moja, lakini hugawana urefu.

Tuchukue mfano. Tuseme nyaya hulia vizuri zinaporefushwa kwa milimita 4, na wenzo ukishushwa hulegeza milimita 5. Kigwe kisichonyumbuka kikitumika, milimita 4 zote huchukuliwa na nyaya. Wenzo ukishushwa, mkazo wote huisha. Sasa tuseme kigwe kimebadilishwa kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, wenye ulaini sawa na ule wa nyaya. Ili nyaya zirefuke kwa milimita 4, mpira nao utarefuka kwa milimita 4, jumla milimita 8. Wenzo ukishushwa utalegeza 5 tu, zikabaki 3. Nyaya zitaendelea kuvutwa kwa milimita 1.5, na mkwaruzo hautazimika. Mpira ambao ni rafiki mkubwa wa fundi katika kazi nyingi, hapa haufai.

Sifa ya pili ni kutorefuka polepole. Kamba nyingi zikivutwa kwa muda mrefu huendelea kurefuka hata kama kani haiongezeki. Jambo hili ni tofauti na kunyumbuka, kwa sababu kamba haiurudii urefu wake wa awali inapoachiliwa. Tuseme vipande viwili vya kigwe vina jumla ya sentimita 10 na vimerefuka kwa sehemu 1 kwa 100. Hiyo ni milimita 1 tu, lakini katika milimita 4 za mfano wetu, ni robo nzima ya kani ya nyaya iliyopotea.

Sifa ya tatu ni kutoathiriwa sana na unyevu, jambo litakaloelezwa hapa chini.

Sifa ya nne ni kupindika bila ukaidi na kulala chini. Kigwe hupita katika tundu dogo la pete ya ngoma, kikapinda kwenye ukingo wa mzinga na kurudi kwenye kibati. Kikiwa kinene au kigumu, hukiinua kibati, na nyaya haziigusi ngozi karibu na ukingo. Ndiyo maana mafundi wa ngoma huchonga bonde dogo katika ukingo wa mzinga mahali nyaya zinapopita.

Hapa hesabu ina somo zuri. Nguvu ya kamba hufuata eneo la mkato wake, yaani kipenyo kikizidishwa mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Lakini ukaidi wa uzi mmoja mzima dhidi ya kupindwa huzidi mara 16. Linganisha basi mshipi mmoja wenye kipenyo cha milimita 2 na kigwe kilichosukwa kwa nyuzi 100 za milimita 0.2 kila moja, vyote vya mali ghafi moja. Eneo la jumla ni lile lile. Lakini nyuzi 100 zikiwa huru kuteleza kidogo, ukaidi wa kupindwa hupungua hadi karibu sehemu moja ya mia. Hii ndiyo sababu kamba husukwa au kusokotwa, badala ya kutengenezwa kama fimbo moja nyembamba.

Unyevu wa kusini

Chiola na vijiji vingine vya Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, vina msimu mmoja mkubwa wa mvua. Mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, kisha hufuata kiangazi kirefu. Ngoma iliyokazwa vizuri mwezi wa Oktoba, wakati korosho zinapookotwa, huweza kulia vibaya mwezi wa Januari bila kuguswa na mtu.

Wapigaji wa ngoma wa Kimwera, Kimakonde, Kimakua na Kiyao wanalijua jambo hili tangu zamani. Kabla ya ngoma kuanza huzielekeza ngozi kwenye moto wa majani ili zikauke na kukaza. Ngozi ya mnyama ikipata unyevu hulegea, ikikauka hujivuta. Kigwe nacho hubadilika, lakini si kila kigwe hubadilika kwa njia moja.

Katika kamba iliyosokotwa kwa nyuzi za mimea, kama pamba au katani, maji huzifanya nyuzi zivimbe kwa unene zaidi kuliko kwa urefu. Kwa kuwa nyuzi zimezungukana, uvimbe huo huzilazimisha kuzunguka njia pana zaidi, na kamba nzima hufupika. Mwenye kuanika nguo kwenye kamba ya katani huiona ikikaza inapolowa. Nailoni hufanya kinyume: hunywa kiasi fulani cha maji, hulainika na kurefuka kidogo. Katika hewa yenye unyevu wa wastani nailoni hubeba maji ya karibu sehemu 4 kwa 100 ya uzito wake. Poliesta katika hewa hiyo hiyo hubeba karibu sehemu 0.4 tu, yaani mara kumi pungufu. Kwa sababu hiyo urefu wa poliesta haubadiliki sana kati ya kiangazi na masika.

Vigwe vinavyopatikana

Katani ni zao lenye historia ndefu nchini. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, na ni miche 62 tu iliyofika hai. Kutokana na hiyo yalizaliwa mashamba makubwa ya Tanga, Morogoro na Lindi. Kamba ya katani ina nguvu na hainyumbuki sana, lakini nyuzi zake ni nene na kali. Kamba yake nyembamba ni vigumu kuipitisha katika tundu la ngoma, nayo huubadili mkazo kila inapolowa. Kwa kazi hii haifai.

Uzi wa pamba au wa kitani uliopakwa nta, kama ule wa fundi viatu, ni bora zaidi. Ukikunjwa mara tatu au nne hutoa kigwe laini kinacholala vizuri, na nta huchelewesha unyevu. Adui zake ni ukungu na msuguano. Unafaa hasa pale mwenye ngoma anapotaka kuhifadhi sura ya zamani, mradi akague uzi huo kila mwaka.

Utumbo mkavu ndio uliotumika katika ngoma nyingi za kale. Hulia vizuri, lakini huvimba kwa unyevu, na panya huupenda.

Mshipi wa kuvulia wa nailoni hupatikana kwa urahisi katika mkoa wenye bahari. Nailoni iligunduliwa mwaka 1935 na Wallace Carothers na wenzake huko Marekani. Nguvu yake ni kubwa, lakini kama uzi mmoja mzima mshipi ni mkaidi, mafundo yake huteleza, na hunyumbuka. Kunyumbuka ni sifa njema kwa mvuvi, kwa kuwa mshipi humeza mshtuko wa samaki. Kwa mpiga ngoma ni kasoro. Hutumika kwa dharura tu.

Kigwe kilichosukwa cha poliesta ndicho kinachofaa zaidi kwa ngoma nyingi. Poliesta ya nyuzi iligunduliwa nchini Uingereza mwaka 1941 na J. R. Whinfield na J. T. Dickson, na ikajulikana madukani kwa jina la Terylene. Hainyumbuki sana, hainywi maji, haiozi, na ikisukwa hupindika vizuri. Unene wa kati ya milimita 1.5 na 2 hutosha kwa matundu mengi ya zamani.

Ukanda wa plastiki hukatwa kutoka ngozi ya plastiki iliyochakaa. Ngozi hizo, zilizoenea tangu mwaka 1957, hutengenezwa kwa karatasi ngumu ya poliesta. Ukanda hulala chini kuliko kigwe chochote na huvuta kibati kwa usawa. Lakini unahitaji mwanya mpana, na chuma chenye kibano. Ngoma nyingi za zamani zina matundu ya duara tu, yaliyokusudiwa kamba. Katika ngoma za namna hiyo ukanda haupiti, na kutoboa pete ili upite ni kuiharibu ngoma kwa ajili ya kamba.

Waya wa chuma usitumike kamwe. Hukata ukingo wa mzinga kama msumeno na huweza kuipasua ngozi ya chini.

Kigwe kiwe kiungo dhaifu

Fundi asiye na uzoefu huweza kudhani kwamba kigwe chenye nguvu kubwa kuliko vyote ndicho bora. Katika chombo cha zamani si hivyo. Wenzo na skurubu za ngoma kuukuu huenda zimechoka, na chuma cha kusubu huvunjika ghafla bila kupinda kwanza. Mwanafunzi akizungusha skurubu kupita kiasi, ni lazima kitu kimoja kikatike. Ni heri kikatike kigwe cha bei ndogo kuliko wenzo usiokuwa na mbadala. Hii ni kanuni ile ile ya fyuzi katika nyaya za umeme: sehemu ya bei ndogo hutangulia kuharibika ili kuilinda ya bei kubwa. Wahenga wamesema ngoma ikivuma sana hupasuka. Mwenye hekima huchagua mapema mahali ambapo mpasuko utatokea.

Kwa hiyo kigwe kiwe na nguvu ya kutosha kazi, si zaidi sana. Kipande kikiweza kubeba ndoo ya lita 10 za maji, yaani karibu nyutoni 100, bila kukatika wala kurefuka kwa kudumu, kinaweza kutumika.

Namna ya kufunga

Kwanza, kipande cha kigwe cha zamani kipimwe na kihifadhiwe katika bahasha, kwani hueleza unene na njia iliyotumiwa na mtengenezaji. Unene hupimwa kwa kukizungusha kigwe mara 10 kwenye kalamu, mizunguko ikigusana, kisha kupima upana wote kwa rula na kugawanya kwa 10.

Pili, wenzo ushushwe na skurubu iwekwe katikati ya safari yake, ili baadaye kuwe na nafasi ya kukaza na ya kulegeza.

Tatu, nyaya zilazwe juu ya ngozi ya chini, na umbali kutoka kila kibati hadi ukingo wake uwe sawa. Kigwe kipitishwe katika matundu yote mawili ya kibati ili kivute kwa miguu miwili. Mguu mmoja ukiwa mfupi kuliko mwenzake, kibati huinama. Nyaya za upande mmoja hukaza na za upande wa pili hulegea. Ni vizuri kigwe kiwe kimoja kilichopita pande zote, kisha kivutwe kwa pamoja kabla ya kubanwa, kwa kuwa kamba inayoteleza hujisawazishia mkazo wenyewe kama ilivyo katika roda.

Nne, fundo likae upande wa nje wa chuma, lisiiguse ngozi. Ncha za nailoni au poliesta ziunguzwe kidogo kwa kiberiti ili zisifumuke. Za pamba zipakwe nta.

Tano, wenzo uinuliwe, ngoma ipigwe taratibu, na skurubu izungushwe kidogo kidogo hadi mkwaruzo uwe safi. Ngoma iachwe saa 24, kisha irekebishwe tena, maana mafundo hujibana na kigwe kipya hurefuka zaidi katika siku ya kwanza.

Jaribio la darasani

Wanafunzi wachukue vipande vinne vya mita 1: uzi wa pamba, kamba ya katani, mshipi wa nailoni na kigwe cha poliesta, vyote vikiwa na unene unaokaribiana. Kila kipande kining'inizwe kwenye boriti na kufungwa ndoo yenye lita 5 za maji. Urefu usomwe baada ya dakika 1, dakika 10, saa 1 na saa 24. Kisha maji yamwagwe, na urefu usomwe mara ya mwisho. Siku ya pili vipande vipya vilowekwe kwa saa moja na jaribio lirudiwe. Matokeo yaandikwe katika jedwali na kuchorwa katika grafu ya urefu dhidi ya muda.

Kisha darasa lijibu maswali haya. Ni kigwe kipi kilichorefuka mara moja, na ni kipi kilichoendelea kurefuka polepole? Ni kipi kilichorudi katika urefu wake ndoo ilipoondolewa? Ni vipi vilivyofupika vilipolowa, na kwa nini? Kwa nini ni lazima vipande vyote viwe na urefu mmoja na uzito mmoja? Endapo ngoma ya shule itakazwa mwezi wa Oktoba na kupigwa mwezi wa Februari, ni kigwe kipi kitakachohitaji marekebisho machache zaidi?

Darasa litakalolifanya jaribio hili kwa uangalifu litakuwa limeyajifunza kwa mikono yake mambo ambayo vitabu vya fizikia huyagawa katika sura mbalimbali: kanuni ya Hooke, springi za mfululizo, unyevu wa hewa na mtetemo. Tena huenda likagundua kwamba ngoma iliyoko stoo haikufa, bali ilikuwa ikingoja kipande cha kigwe kisichofika nusu mita.